Jarida la Wadudu wa Kale

Wapo watakaocheka wakisikia kwamba liko jarida zima la habari za wadudu waliokufa zamani. Sisi hatucheki. Mdudu aliyenaswa ndani ya kaharabu, yaani utomvu uliogeuka jiwe, aweza kuwa na umri wa mamilioni ya miaka. Lakini katika elimu ya wanyama hana jina mpaka jina hilo litangazwe kwa maandishi na kwa kanuni. Jarida basi ndilo daftari lake la vizazi.

Mabingwa wa elimu hiyo walikutana Moscow mwaka 1998, kisha Kraków, nchini Poland, mwaka 2001, wakaunda jumuiya yao ya kimataifa. Makala zao hata hivyo ziliendelea kutawanyika katika majarida ya wengine, moja huku, moja kule. Ndipo mwaka 2018 walipoanzisha la kwao, Palaeoentomology, likitolewa na wachapaji wa Auckland, New Zealand. Mwaka ule lilitoka toleo moja tu. Mwaka 2019 yakatoka sita.

Hiyo ni hatua njema. Lakini jarida halikui kwa wingi wa kurasa peke yake. Sehemu kubwa ya kaharabu inayochunguzwa miaka hii, yenye umri wa miaka milioni 99 hivi, yatoka jimbo la Kachin, Myanmar, penye vita. Mwaka 2020 jumuiya nyingine, ya mabingwa wa visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo, iliwaandikia wahariri wa majarida kuwasihi wasipokee makala juu ya kaharabu iliyopatikana huko tangu vita vilipozidi mwaka 2017. Baadhi ya mabingwa wa wadudu hawakukubali. Sisi twaona kwamba, marufuku iwepo au isiwepo, mhariri hana budi kuuliza: jiwe hili limetoka shimo gani, nani alilichimba, na limewekwa katika makumbusho gani ambako kila mtu aweza kulitazama?

Twauliza kwa sababu pwani yetu yaijua biashara hii. Katika karne ya 19 sandarusi, ambayo ni changa mno kuliko kaharabu lakini nayo hunasa wadudu, ilichimbwa Mrima na watu wa huko, ikapitishwa Unguja, ikapelekwa hata Salem, Marekani, kutengenezwa vanishi. Wafanya biashara wakaiita sandarusi ya Zanzibar: jina la bandari, si la kijiji kilichochimba.