Padri Tempels na swali la mbuzi wetu

Kila siku ya soko hapa Kamina tunaona mbuzi wamefungwa miguu juu ya kinga, na kuku wananing'inia kichwa chini. Wengi hatujiulizi kitu. Ni nyama tu, tunasema.

Lakini kuna mtu aliyeishi huku ambaye kitabu chake kinatuamsha: Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji. Alizaliwa mwaka wa 1906, akafika Kongo mwaka wa 1933, akafanya kazi miaka mingi kati ya Baluba, hata hapa Kamina. Kitabu chake juu ya filosofia ya Wabantu kilitoka kwa Kifaransa mwaka wa 1945 kule Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Alikufa mwaka wa 1977.

Kitabu hicho hakikuandikwa juu ya nyama. Lakini nyama wana nafasi ndani yake. Tempels alisema kwamba kwa Baluba, kuwa ni kuwa na nguvu. Mungu ndiye chanzo. Wanafuata wazee wa kwanza wa ukoo, wafu wengine, halafu walio hai, mkubwa mbele ya mdogo. Chini yao ni nyama, miti na mawe, na hivyo vinasaidia kuongeza nguvu ya mtu.

Basi tufanye nyama namna tunavyotaka? Hapana. Katika ngazi hiyo hakuna kitu cha bure, kila kimoja kimepata nguvu yake kwa Mungu. Tena kwetu mkubwa ni yule anayechunga wadogo.

Lakini jiwe nalo lina nguvu. Mbuzi anapita jiwe kwa nini? Hapo mwanafilosofia Peter Singer, aliyezaliwa Australia mwaka wa 1946, anajibu. Katika kitabu chake cha 1975 anauliza jambo moja: je, kiumbe hiki kinaweza kuumia? Jiwe haliumii. Mbuzi anaumia.

Singer anafika mpaka kukataa kula nyama. Huku, ambako mbuzi mmoja anaweza kulipa masomo ya mtoto, wengi hawatamfuata mpaka hapo. Lakini kulegeza kamba, kutoa maji, kutafuta kivuli, kunoa kisu vizuri: hayo hayaombi franka nyingi. Yanaomba tu tukubali kwamba yule aliye juu ya kinga anasikia maumivu.