Mama muuzishaji si banki ya kampuni

Siku ya mushahara, tazama ku mulango wa kampuni saa watu wanatoka kazi. Kando ya wafanyakazi wenye kungojea bisi utaona wamama wamesimama na kaye mu mukono. Moja ni wa unga, mwingine wa makala, mwingine wa samaki Thomson, mwingine ni ule anapikiaka bukari watu wa posti ya usiku. Kila kaye iko na majina, na kila jina iko na hesabu yake. Kama mushahara umeingia ku banki, wanarudi nyumbani na kitu. Kama haujaingia, wanarudi na kaye.

Sisi wa sendika tumezoea kuzungumuza juu ya mushahara kama neno la watu wawili, mufanyakazi na mwajiri. Lakini kuko mutu wa tatu, na ni ule mama. Kampuni ikichelewesha feza wiki mbili, mufanyakazi anakula nini hizo wiki mbili? Anakula deni. Na ile deni inatoka mu mtaji wa mama mwenye kuuzisha ku meza, mwenye hata yeye alikopa unga ku depo. Fuata ile njia mpaka mwisho, utaona kwamba mama wa soko njo anakopesha kampuni, bila faida, bila karatasi, na kampuni haijui hata jina lake. Wenzangu wengine wananicheka, wanasema nafanya politike ya soko. Wacheke tu.

Neno hili halikuanza leo. Wakati wa Union Minière, kampuni ilikuwa inatoa posho kwa mufanyakazi na jamaa yake. Wazee wanaikumbuka. Kisha Gécamines ilianguka. Mwaka 1986 ilitoa shaba zaidi ya tani 470.000. Mwaka 1990 mugodi wa Kamoto ukabomoka, na 1994 shaba yote ya mwaka haikufika hata tani 50.000. Mishahara ikakosa miezi na miezi. Nani alilisha kambi za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi? Ni wamama, ku meza ndogo mbele ya nyumba, ku mashamba, na ku safari za Kasumbalesa. Na wakati wafanyakazi zaidi ya 10.000 walitoka Gécamines mu ile mupango wa 2003 wenye waliita « kutoka kwa kupenda », nyumba nyingi zilibaki ku mugongo wa mama.

Mu ile miaka ya taabu njo desturi moja ilikomaa: mama muuzishaji hawezi kukataa. Akikataa, wanasema amejivuna, amesahau watu, feza imemuingia mu kichwa. Mwanaume mwenye depo akikataa deni, wanasema iko mufanyabiashara. Sielewi tofauti inatoka wapi.

Basi tufanye hesabu. Tuseme mama ananunua mufuko wa unga 40.000 franka na anauuzisha 45.000. Faida ni 5.000. Mutu moja akichukua mufuko moja na asilipe, mama amepoteza 40.000. Ili azirudishe, anapashwa kuuzisha mifuko mingine munane yenye kulipwa vizuri. Mifuko munane ya kubeba, ya kupima meka kwa meka, ya kukaa ku jua, na faida yake yote inaenda kufukia shimo ya mutu moja. Na hapo hatujahesabu usafiri. Ule mwenye kusema « ni mufuko moja tu, mama, utakufa? » hajafanya hii hesabu.

Wamama wenye biashara yao imesimama miaka mingi, nimewaangalia namna wanafanya. Hawakatai kila mutu. Wanaweka mupaka mbele ya siku, kabla mutu hajafika na uso wa kuhurumisha. Kuko mwenye kukopesha nyumba kumi tu, na ya kumi na moja inangoja mupaka moja ilipe. Kuko mwenye sheria moja: deni ya mwezi uliopita haijaisha, hakuna deni mupya, hata kama ni shemeji. Mwingine anatenga kila wiki mifuko mbili ya deni na jamaa. Ikiisha, anaonyesha mahali patupu na kusema imeisha. Ile ya mwisho naipenda sana, kwa sababu haileti ugomvi. Mutu anaona mwenyewe.

Ku upande wa jamaa njo kunakuwa kugumu. Mutoto wa dada anapita anachukua sukari, baba mukwe anatuma mutu kuchukua mafuta, bwana anafungua sanduku jioni kwa « kuazima ». Juu ya bwana, acha niseme wazi. Zamani Sheria ya Jamaa ya 1987 ilidai mwanamuke wa ndoa apate ruhusa ya bwana kwa mapatano yake mbele ya sheria. Ilibadilishwa kwa sheria ya 15 Julai 2016, na ile ruhusa ya bwana iliondolewa. Kuko wanaume, hata mu sendika yetu, wanaongea mupaka leo kama 2016 haikufika. Ndugu mufanyakazi, kama unadai kampuni isiguse mushahara wako bila karatasi, na wewe usiguse sanduku la bibi yako bila kusema.

Sasa nifike ku neno lenye kunifanya niandike. Ni komande kubwa.

Namna inapitaka ni hii. Mama iko na meza ya chakula, sahani makumi tatu kwa siku, feza mu mukono. Kampuni ya sutretansi inakuja: tunataka ulishe watu wetu 120, kila siku, tutakulipa kila mwisho wa mwezi. Mama anafurahi, na iko na haki ya kufurahi. Anaajiri wasichana wane, ananunua sufuria kubwa. Mtaji hautoshi, basi anaenda ku banque Lambert, anachukua dola 100 ili arudishe 130 ao 150 kisha mwezi moja. Ile meza yake ndogo anaifunga, kwa sababu mutu hawezi kuwa mahali mbili. Mwezi wa kwanza wanalipa. Wa pili wanalipa nusu. Wa tatu wanasema wao wenyewe hawajalipwa na kampuni kubwa. Kisha kontra ya sutretansi inakatika, ofisi inafungwa, namba ya simu haiiti tena. Lambert yeye anaita.

Na usiseme ile haifikake. Mugodi wa Mutanda ulisimamishwa mwisho wa 2019 wakati bei ya kobalti ilikuwa chini. Tarehe 22 Februari 2025 Serikali ilisimamisha kutosha kobalti inje ya inchi, na mu Oktoba ikafungua kwa kiasi tu, kila kampuni na fungu lake. Kobalti ikisimama, sutretansi njo zinakatwa kwanza. Na mwenye kulisha watu wa sutretansi anakatwa siku ile ile, bila barua, bila malipo ya kuachishwa, bila delege wa kumusemea.

Mama mwenye kuletewa komande ya namna hii asikubali watu 120 siku ya kwanza. Aseme 40, na meza yake ya zamani ibaki wazi, hata kama ni mutoto wake mukubwa ndiye anaisimamia. Aombe nusu ya feza mbele, na malipo ya kila wiki, si ya mwezi. Aombe karatasi yenye sahihi na mukuri wa kampuni, yenye hesabu ya sahani na bei. Wiki moja ikipita bila malipo, chakula kisimame. Wakikataa hayo yote, ni kusema walikuwa wanatafuta mukopo, hawakutafuta mupishi.

Kuna na mwili. Nawaona wamama wenye kuamuka saa kumi za usiku, siku saba ku wiki, na likelemba tatu mara moja ili kulipa hii kwa ile. Likelemba moja ni akiba. Tatu ni deni yenye jina la kupendeza. Mufanyakazi wa mugodi iko na siku ya kupumzika mu sheria, na tuliipigania. Mama wa meza hana sheria ya kumupa siku; anapashwa kujikatia yeye mwenyewe, na sisi tukute meza imefungwa bila kunung'unika.

Ku upande wetu, neno hili tunataka kuliingiza mu mazungumuzo na waajiri: kampuni kubwa ikiona sutretansi haijalipa wapishi na wauzishaji wa kandokando, isimpe kontra ingine mbele hajamaliza ile deni. Ili tulisimamie tunahitaji vitu vya kuonyesha. Mama mwenye kudai sutretansi alete kwa delege wa kazi nakala ya karatasi yake, ao kaye yenye tarehe, hesabu ya sahani na sahihi ya ule aliyepokea chakula. Kaye bila sahihi tutaisoma, lakini mbele ya mwajiri haina nguvu.