Daftari la wageni si ruhusa ya kutuma matangazo

MAONYESHO ya Jua Kali/Nguvu Kazi yanapozunguka kutoka nchi moja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwenda nyingine, meza za wajasiriamali huwa na daftari la wageni pembeni ya bidhaa. Mgeni anaandika jina, namba ya simu na anwani ya barua pepe, kisha anaendelea na safari yake. Baada ya wiki mbili anaanza kupokea matangazo.

Hapo ndipo wengi wanapovunja sheria bila kujua.

Tuchukue mfano wa muuza viungo wa Arusha aliyerudi nyumbani na anwani 300 za Wakenya, Waganda na Watanzania. Swali lake la kwanza ni afuate sheria ya nchi gani, kwa kuwa Jumuiya haina sheria moja ya ulinzi wa taarifa binafsi. Kuwa Arusha hakumpi kinga. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamgusa hata asiye na ofisi nchini humo, ilimradi anatumia taarifa za mtu aliyeko Kenya.

Kanuni za sheria hiyo za mwaka 2021 zinataka mpokeaji awe amejulishwa kwamba anwani yake itatumika kwa matangazo, na awe amekubali. Kila tangazo lazima lionyeshe njia ya kujiondoa iliyo wazi, isiyomchosha mtu, na ya bure au ya gharama ndogo tu. Faini inaweza kufika Sh5 milioni za Kenya au asilimia moja ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kipi ni kidogo. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni moja ya mikopo ya kidijitali Sh2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu ilizozipata kwa watu wengine. Shauri hilo halikuhusu barua pepe, lakini anayenunua orodha ya anwani mtaani anapaswa kulisoma.

Nyumbani nako, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakataza tangazo la biashara ambalo mtu hakuliomba, isipokuwa awe ameridhia, mtumaji ajitambulishe na kueleza lengo lake mwanzoni, na mpokeaji apewe nafasi ya kukataa. Ipo nafuu ambayo wafanyabiashara wengi hawaijui. Ikiwa anwani ilipatikana wakati wa kuuza au kupatana bei, unaweza kumtumia mteja huyo matangazo ya bidhaa zinazofanana na ile, mradi ulimpa nafasi ya kukataa tangu mwanzo na unampa tena katika kila ujumbe. Aliyenunua iliki anaweza kuandikiwa kuhusu mdalasini. Kumtangazia viwanja ni habari nyingine.

Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2019, humruhusu mtu kuandika kuzuia taarifa zake zisitumike kwa matangazo, na kampuni hutakiwa kumjibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Mwandishi wa makala haya ameiandikia hoteli moja ya ukanda huu mara tatu akiomba kuondolewa kwenye orodha yake. Ofa za Krismasi bado zinamfikia.

Hata pale mamlaka zinapochelewa, mitambo ya barua pepe haichelewi. Tangu Februari 2024, Gmail inawataka wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwa watumiaji wake wathibitishe utambulisho wao, waweke kitufe cha kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na wahakikishe malalamiko hayafiki asilimia 0.3. Anayelalamikiwa sana, hata ankara zake halali zinaweza kuishia kwenye barua taka.

Kwa hiyo muuza viungo wetu apitie orodha yake upya. Walionunua wakapewa nafasi ya kukataa na hawakukataa, abaki nao. Walioandika tu jina kwa heshima ya mwenyeji, awaache. Kwenye maonyesho yajayo, daftari liwe na safu moja zaidi: “Nakubali kupokea matangazo kwa barua pepe”, ndiyo au hapana, na sahihi ya mgeni mwenyewe.