Hisabati Mara Tatu, Fizikia Mara Tatu: Njia ya Uhandisi kutoka Nakivale hadi Mbarara

Nafasi ya kusomea uhandisi katika chuo kikuu cha umma nchini Uganda huamuliwa na hesabu fupi ya pointi, na sehemu kubwa ya hesabu hiyo huwa imeshafungwa miaka miwili kabla mwanafunzi hajagusa fomu ya maombi. Hufungwa siku anapochagua masomo ya S5, yaani mwaka wa kwanza kati ya miwili ya sekondari ya juu. Atakayechukua Fizikia, Kemia na Hisabati, mchepuo ambao kila mwanafunzi wa Uganda anaujua kwa jina la PCM, ameingia njiani. Atakayechukua Fizikia, Kemia na Baiolojia bila Hisabati anaweza kuwa mtabibu mzuri, lakini mlango wa uhandisi wa ujenzi, wa umeme au wa mitambo umemfungia, hata akipata daraja la A katika kila somo.

Jambo hili linazigusa kwa namna ya pekee familia zinazozungumza Kiswahili kusini-magharibi mwa Uganda. Kikagate iko ukingoni mwa mto Kagera, mwisho wa barabara ya lami ya kilomita 74 inayotoka Mbarara. Ng'ambo ya mto ni Murongo, Tanzania. Katika wilaya hiyohiyo ya Isingiro yamo makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanza mwaka 1958 kwa kupokea Wanyarwanda na ambayo leo yana Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine. Chuo kikuu kilicho karibu nao zaidi chenye kozi za uhandisi ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, MUST, kilichoanzishwa mwaka 1989 kwa ajili ya udaktari na baadaye kikapanuka. Uhandisi unafundishwa katika kampasi ya Kihumuro, nje kidogo ya mji kwenye barabara ya Bushenyi. Wengine hutazama Makerere au Kyambogo jijini Kampala, au Busitema upande wa mashariki.

Pointi huhesabiwa hivi. Katika mtihani wa S6, unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Uganda, UNEB, daraja la A lina thamani ya 6, B 5, C 4, D 3, E 2, na ufaulu mdogo wa O una 1. Chuo hakizijumlishi zilivyo. Masomo mawili ya lazima kwa kozi huzidishwa kwa 3, somo la tatu linalohusiana na kozi huzidishwa kwa 2, na masomo madogo, yaani Jenerali Pepa na kompyuta, huongeza pointi moja moja. Kwa uhandisi, masomo ya lazima ni Hisabati na Fizikia. La tatu kwa wengi huwa Kemia. Mwanafunzi mwenye B ya Hisabati, C ya Fizikia na B ya Kemia, aliyefaulu masomo yote mawili madogo, ana 15, 12, 10 na 2, jumla 39. Juu kabisa ni 50, kabla ya nyongeza ndogo inayotokana na matokeo ya S4, mwaka wa mwisho wa sekondari ya chini. Akiipandisha Kemia kutoka B hadi A atapata pointi 2 zaidi. Akiipandisha Fizikia kutoka C hadi A atapata 6. Katika kozi ambazo waombaji husukumana kwa sehemu ya kumi ya pointi, 6 ni umbali mkubwa mno.

Na Fizikia ndipo wengi wanapopotelea. Somo hili lina karatasi tatu: mbili za nadharia na moja ya vitendo. Kila karatasi hupewa namba, 1 ikiwa bora na 9 ikiwa ya mwisho, na kwa utaratibu uliotumika miaka mingi karatasi iliyo mbaya zaidi ndiyo inayoamua daraja la somo zima. Mtahiniwa aliyepata 1 na 1 katika nadharia lakini akapata 5 katika vitendo hapewi A, wala B. Anapewa C. Pointi 18 zinakuwa 12, na kilichozipunguza ni saa chache za kazi ya mikono.

Kazi yenyewe, kwa aliyeizoea, si ya kutisha. Mezani kuna waya wa urefu wa mita moja uliokazwa juu ya ubao, betri, mita ya volti, swichi, na kipande cha chuma chenye ncha cha kugusia waya. Mtahiniwa hugusa waya mahali pamoja baada ya pengine, husoma mita, huandika jedwali, huchora grafu na kutafuta mteremko wake. Aliyefanya mara thelathini hugusa kwa wepesi, huzima swichi kati ya vipimo ili waya usipate moto, na huandika kila kipimo kwa idadi ileile ya tarakimu baada ya nukta. Aliyekutana na ubao huo mara ya kwanza siku ya mtihani wa majaribio hukandamiza na kuukwaruza waya, huacha swichi imewashwa, na vipimo vyake havikai kwenye mstari. Akili yake haina kasoro yoyote. Alichokosa ni maabara.

Hapa ndipo lawama ya haki inapoziangukia jumuiya za Waswahili walioko ng'ambo, na ni lawama yenye upendo ndani yake. Ndugu walioko Kanada, Marekani au Norwei hutuma pesa kwa moyo wote barua ya chuo ikishatoka: sherehe inafanyika, picha zinatumwa, ada ya muhula wa kwanza inalipwa. Lakini wakati ambapo pesa kidogo ingebadilisha kozi ya kijana ni Januari au Februari ya S5, anapoamua kati ya shule ya karibu isiyo na maabara na shule ya bweni ya Mbarara au Bushenyi iliyo nayo. Tofauti ya ada kati ya shule hizo kwa miaka miwili ni ndogo kuliko ada ya uhandisi ya miaka minne. Seti za vifaa vya vitendo zikinunuliwa kwa ajili ya shule moja huwatumikia wanafunzi wa miaka mingi, si mtoto wa ukoo mmoja tu.

Tukirudi kwenye hesabu ya pointi, wasichana huongezewa 1.5, utaratibu ulioanza Makerere mwaka 1990. Msichana wa PCM anayekata tamaa kwa sababu amepungukiwa na pointi moja hana budi kuikumbuka nyongeza hiyo kabla ya kubadili chaguo lake. Kuhusu S4 kuna mabadiliko: mtaala mpya ulioanza mwaka 2020 ulifikia mtihani wake wa kwanza mwaka 2024, na madaraja sasa ni A hadi E badala ya distinkshoni na krediti za zamani. Waliofanya S4 mwaka huo ndio wa kwanza kufuata mtaala mpya wa S5 na S6, kwa hiyo ushauri wa kaka aliyeingia chuo miaka kumi iliyopita usipokewe bila kuulizwa upya.

Kwa aliyesomea Kongo kazi ni tofauti, na mara nyingi ni ya makaratasi kuliko ya masomo. Diploma ya Eta, kama Wakongo wanavyoiita, hupatikana baada ya miaka sita ya sekondari na huandikwa kwa asilimia, si kwa herufi. Chuo cha Uganda hakiwezi kuiweka kwenye hesabu ya pointi mpaka ilinganishwe, na ulinganisho wa vyeti vya sekondari vya nje hufanywa na UNEB. Vyeti vya juu ya sekondari huenda kwa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE. Cheti cha Kifaransa kinapaswa kutafsiriwa kwa Kiingereza na mfasiri anayetambulika, na tawi alilosomea mwanafunzi lina uzito wake: tawi la hisabati na fizikia linaeleweka upesi kuliko la ualimu.

Kikwazo kinachowakwamisha wengi ni jina. Diploma imeandikwa Amissi, kitambulisho cha mkimbizi kimeandikwa Hamisi, cheti cha familia kimeacha jina la tatu. Kwa macho ya mwenye jina ni mtu yuleyule. Kwa macho ya ofisi ni watu watatu. Dawa yake ni kiapo mbele ya wakili na marekebisho katika Ofisi ya Waziri Mkuu, inayoshughulikia wakimbizi, na kazi hiyo huchukua wiki nyingi. Ianze kabla ya matokeo.

Ada ndiyo mlima wa pili. Serikali ya Uganda hulipia wanafunzi wapatao 4,000 kila mwaka katika vyuo vya umma, wengi wao wakiwa wa sayansi, na baadhi ya nafasi hugawanywa kwa wilaya. Nafasi hizo ni za raia, na mikopo ya bodi ya ufadhili wa wanafunzi iliyoundwa mwaka 2014 pia ni ya raia. Kijana wa Kikagate aliye Mganda anaweza kugombea kwa ufaulu au kwa nafasi za wilaya ya Isingiro. Jirani yake wa Nakivale, mwenye pointi zilezile, hawezi. Ni ukweli mchungu kwa watoto waliokaa dawati moja. Kilichobadilika kwa upande wa Wakongo ni kwamba nchi yao iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Makerere huwatoza wanafunzi wa nchi za Jumuiya sawa na Waganda. Barua ya udahili ikiandika kundi la wageni wa kimataifa, inafaa kuulizia mara moja, kwa maandishi, kabla ya kulipa.

Mkimbizi anategemea zaidi ufadhili. Mkubwa ni DAFI, uliobeba jina la Albert Einstein, aliyekuwa mkimbizi mwenyewe. Ulianza mwaka 1992 kwa fedha za serikali ya Ujerumani kupitia Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, na nchini Uganda unasimamiwa na Windle International Uganda. Hulipa ada, vitabu, malazi na nauli. Mpango wa Mastercard Foundation katika Makerere nao hupokea wakimbizi. Mpango wa WUSC wa Kanada, ulioanza mwaka 1978, humchukua kijana akiwa mwanafunzi na mkazi wa kudumu kwa pamoja, akipokelewa na kamati za wanafunzi wa vyuo vya huko. Nafasi zote hizi ni chache kuliko waombaji. Mwaka 2019 ni asilimia 3 tu ya vijana wakimbizi duniani waliokuwa katika elimu ya juu, na lengo la Umoja wa Mataifa ni kufikisha asilimia 15 mwaka 2030.

Kwa asiyefikia pointi, ipo njia ndefu yenye heshima yake. Chuo cha Ufundi cha Bushenyi na vyuo vingine vya aina yake hutoa diploma ya taifa ya uhandisi kwa miaka miwili, na anayefaulu vizuri anaweza kuomba shahada kwa nafasi zilizotengewa wenye diploma. Anafika chuoni akiwa ameshashika mashine, na katika mwaka wa kwanza wenzake wa PCM humuuliza yeye.

Shahada ya uhandisi nchini Uganda huchukua miaka minne, pamoja na mafunzo ya kazini wakati wa likizo. MUST ina uhandisi wa vifaa tiba, kozi iliyokua jirani na hospitali ya rufaa ya Mbarara, na ujirani huo umezaa matunda. Daktari wa watoto wa chuo hicho, Data Santorino, alishirikiana na wahandisi kutengeneza kifaa kinachomwonyesha mkunga papo hapo kama hewa anayompulizia mtoto mchanga asiyepumua inaingia inavyotakiwa. Mwaka 2018 Brian Gitta, aliyesoma kompyuta Makerere, alikuwa Mganda wa kwanza kushinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, kwa kifaa cha kupima malaria bila kutoa damu.

Kazi nyingine zipo machoni pa watu. Maji ya Nakivale hutolewa ziwani, husafishwa na kusukumwa kwenye mabomba, na kila hatua inahitaji mtu wa kuihesabu. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima hadi Tanga lina urefu wa kilomita 1,443, sehemu kubwa ikiwa Tanzania, ambako mkutano wa asubuhi na mafundi hufanywa kwa Kiswahili. Hapo kijana wa Nakivale anayo lugha ambayo wenzake wengi wa Kampala wanaijifunza ukubwani. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Lakini cheo cha injinia hakitokani na shahada peke yake: mhitimu hufanya kazi chini ya usimamizi kwa miaka kadhaa, kisha huomba kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

Desemba 2012 Uganda, Kenya na Tanzania zilitia saini mkataba wa kutambua wahandisi wa kila nchi, kwa hiyo aliyesajiliwa Kampala anaweza kuomba kutambuliwa Tanzania bila kurudia masomo. Mfano wa kazi hiyo ya pamoja uko Kikagate yenyewe. Kwenye maporomoko ya Kagera pamejengwa mtambo wa umeme wa megawati 14, na umeme wake hugawanywa kati ya nchi mbili zinazotazamana kwenye kingo za mto.