Njia ya Reli Iliyoponea Kukatwa Viwanja

Ardhi haizai ardhi. Watu wa visiwani ndio waijuao zaidi kauli hii, kwani bahari imewazunguka na nyumba zazidi kubanana. Kwa hivyo, kisa cha reli ya Singapuri chafaa kusikizwa na sisi wa Mombasa.

Reli hiyo ilikuwa ya upana wa mita moja, kama ile iliyoanza kutandikwa kutoka Mombasa mwaka 1896. Ilikikata kisiwa toka stesheni ya Tanjong Pagar, jirani na bandari, hadi Woodlands, panapovukwa kwenda Johor. Ajabu yake ni kwamba hata baada ya Singapuri kutengana na Malaysia mwaka 1965, ardhi ya reli ilibaki mikononi mwa shirika la reli la Malaysia. Basi mji ukapanda maghorofa huku na huku, na kando ya reli pakabaki miti, nyasi na ndege.

Mwaka 2010 serikali hizo mbili zilipatana ardhi irudi Singapuri. Usiku wa tarehe 30 Juni 2011, treni ya mwisho iliondoka Tanjong Pagar, na aliyeiendesha ni Sultan Ibrahim wa Johor mwenyewe.

Je, ardhi yenye thamani kama ile ingeachwa bure? Wenyeji hawakungoja matingatinga. Mnamo Oktoba 2010, treni zingali zapita, chama cha wapenzi wa maumbile cha Singapuri kilitoa pendekezo la maandishi: njia yote, kiasi cha kilomita 24, ihifadhiwe bila kukatwa, iwe ya watembeao kwa miguu na waendeshao baiskeli. Hoja yao ilikuwa nyepesi kufahamika. Kipande kimoja kikizibwa, njia nzima imekufa. Na ikishakatwa haiungiki tena.

Raia wengi waliwaunga mkono, na serikali ikakaa nao kushauriana. Julai 2011, kabla ya vyuma kung'olewa, watu waliruhusiwa kutembea juu ya reli. Mwaka huo huo stesheni ya Tanjong Pagar ilitangazwa kuwa turathi ya taifa. Madaraja mawili ya chuma ya Bukit Timah nayo yakaachwa yasimame. Kazi ilihitaji subira: sehemu ya kati ya njia ilifunguliwa upya mwaka 2021, miaka kumi baada ya treni ya mwisho.

Sisi Waislamu twalijua jambo la namna hii kwa jina la wakfu. Wa Singapuri hawakuiweka njia yao wakfu kisheria, lakini hikima yakaribiana: asili ya mali isiuzwe, manufaa yake yawafikie watu.

Msomaji wa pwani hahitaji kukumbushwa viwanja vya kuchezea watoto, vichochoro vya kwendea baharini na madiko ya wavuvi yaliyozibwa kwa kuta. Mara nyingi sisi hupiga kelele ukuta ukishasimama. Wenzetu walisema mapema, wakaandika watakalo, wakashikamana. Palipobaki wazi kwetu leo, na tupaombee hati na mpango leo. Maji yakimwagika hayazoleki.