Gia ngumu asubuhi ya baridi? Anza na oili

Juni na Julai asubuhi za Ndalambo, wilayani Momba, huwa na baridi kali. Unawasha gari uwapeleke watoto shule, gia ya pili inagoma. Baada ya kilomita chache inaingia bila shida. Mara nyingi ni oili ya giaboksi iliyokuwa nzito kwa baridi. Usiilazimishe gia: utaimaliza, na kukwama barabarani kwenye malori na watoto ndani si mzaha.

Kabla hujakubali giaboksi ishushwe, soma kitabu cha gari, kisha lebo ya dumu. Namba iliyo mbele ya W ndiyo ya baridi: 75W-90 huwa nyepesi asubuhi kuliko 80W-90, ila zikipata moto hukaribiana.

Angalia pia herufi GL. Kitabu kikisema GL-4, usiuziwe GL-5 kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani. Baadhi yake hula pete za shaba zinazosaidia gia kuingia.

Dakika za kwanza endesha taratibu. Gia ikigoma hata gari likiwa la moto, mwambie fundi akague klachi.