Fahamu: Spea za Land Rover na Land Cruiser za zamani zinapatikana wapi?

Land Rover Defender ya mwisho ya umbo lile la kale ilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, Januari 2016. Spea zake hazikuisha siku hiyo. Nyingi bado zinatengenezwa na kampuni nyingine, na ubora wake haulingani hata kidogo.

Dar es Salaam, wengi huanzia Kariakoo. Nairobi, Kirinyaga Road, ambayo wenyeji bado wanaiita Grogan. Huko utapata bushi, sili, beringi na klachi, mpya na za mtumba. Giaboksi au injini nzima mara nyingi ni ya mtumba, na njia moja kubwa ya mzigo huo hupitia Dubai na Sharjah.

Usiende dukani na jina la gari tu. “Land Rover 110” ni jibu la nusu: injini ya 200Tdi na ya 300Tdi zinatofautiana kwa vifaa vingi. Beba namba ya chesi, namba ya spea na, ukiweza, kile kilichoharibika. Fundi akikuandikia kwenye karatasi, mwombe aandike namba, si “ile ya mbele kulia”.

Wenye Land Cruiser za mfululizo wa 40 wana bahati zaidi, kwani Toyota yenyewe imerudia kutengeneza baadhi ya spea zake tangu 2022. Bei hazichekeshi. Lakini kwa breki na usukani, mimi nisingenunua kifaa cha bei rahisi kisichojulikana kilikotoka.